Simu Isiyoshika Mtandao: Kuiandaa kwa Safari za Rungwe, Kitulo na Ruaha

Ukiwa Mbeya mjini, Tukuyu au Iringa, simu janja inajua kila kitu. Ukiingia msitu wa mianzi wa Mlima Rungwe, ukivuka Matamba kuelekea uwanda wa Kitulo, au ukiiacha Tungamalenga nyuma kwenda Ruaha, mtandao unaanza kukatakata, na mbele kidogo haupo kabisa. Kinachobaki ni GPS, kamera, tochi na kile ulichokipakua ukiwa bado na bando. Kwa hiyo kazi kubwa ya programu za safari hufanyika nyumbani, jioni moja au mbili kabla ya kuondoka.

GPS haili bando

Tuanze hapa, maana wengi huzima GPS wakidhani wanaokoa bando. Simu hupokea tu mawimbi ya satelaiti. Haitumi chochote huko juu. Ndiyo maana GPS hufanya kazi hata simu ikiwa kwenye hali ya ndegeni na hata bila laini ndani yake.

Intaneti huisaidia GPS jambo moja tu, nalo ni kuanza haraka. Kukiwa na mtandao, simu hupakua kwa sekunde chache taarifa za mahali satelaiti zilipo. Bila mtandao lazima izipokee taarifa hizo kutoka kwenye satelaiti zenyewe. Hapo itachukua nusu dakika au zaidi, na kama simu ilikaa siku nyingi imezimwa, au imesafirishwa mbali, yaweza kupita dakika kumi. Watu hukata tamaa dakika ya pili na kusema GPS ya simu ni mbovu. Dawa ni rahisi: fungua programu ya ramani asubuhi ukiwa bado unashika mtandao, subiri kialama cha bluu kinachoonyesha ulipo kitulie, ndipo uondoke. Ukichelewa, simama mahali pa wazi bila kutembea na uiache simu ione anga.

Usahihi nao una mipaka. Uwandani Kitulo, kosa la mita 3 hadi 5 ni la kawaida. Chini ya miti mikubwa, au kwenye korongo ambako mawimbi hugonga kuta kabla ya kuifikia simu, kosa hufika mita 10 hadi 30. Barabarani hilo si kitu. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngozi, ambako genge hushuka wima kuelekea ziwani na ukungu huweza kuziba kila kitu kwa dakika chache, mita 15 ni nyingi mno. Pale macho na mwongozaji wa kijiji ndio wenye neno, siyo kialama cha bluu.

Ramani: mbili zinatosha

Programu ya kwanza ni Organic Maps. Ni ya bure, haina matangazo, na hutumia ramani za OpenStreetMap, ambazo huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Ya pili ni OsmAnd, yenye mambo mengi zaidi na menyu ngumu zaidi; toleo la bure lina kikomo cha idadi ya ramani unazoweza kupakua, lakini kwa safari ya ndani ya nchi hutakifikia. Google Maps inafaa kutafuta hoteli na gereji mjini. Porini ina udhaifu mkubwa: ikiwa nje ya mtandao hutoa maelekezo ya gari tu, haikuelekezi njia ya miguu, na ramani uliyopakua huisha muda wake usipoisasisha.

Fanya hivi:

1. Ukiwa kwenye Wi-Fi au una bando la usiku, sakinisha Organic Maps. Hakikisha simu ina nafasi ya angalau gigabaiti 2, kwa sababu simu iliyojaa hukatisha upakuaji katikati.

2. Sogeza ramani hadi Mbeya au Iringa kisha uikuze. Itakuomba upakue eneo hilo. Ukienda Kyela, Matema au Tunduma, pakua na Malawi na Zambia pia, kwa kuwa mafaili ya ramani hukatwa mpakani na upande wa pili utauona mtupu.

3. Washa tabaka la mistari ya mwinuko. Mistari ikibanana, ni mteremko mkali. Ikiachana, ni tambarare. Bila mistari hiyo Rungwe na shamba la viazi vinaonekana sawa.

4. Weka alama zako mwenyewe: mwanzo wa njia, lango, kijiji cha mwisho, zahanati, kituo cha mwisho cha mafuta, mahali pa maji. Zipe majina ambayo mwenzako akishika simu atayaelewa. "Maji ya mwisho kabla ya kupanda" ni jina zuri; "Alama 4" si jina.

5. Sasa jaribu. Weka hali ya ndegeni, zima Wi-Fi, zima simu na uiwashe upya. Fungua programu, kuza ramani hadi mwisho, tafuta jina la kijiji unakokwenda, omba njia ya miguu. Kama kitu hakifunguki sasa, ni rahisi kukirekebisha. Ukiwa Kitulo ndiyo basi.

Hatua ya 5 ndiyo watu huiruka. Programu nyingi huonyesha ramani vizuri nyumbani kwa sababu zinavuta picha kutoka intaneti bila wewe kujua, na mtandao ukikatika unabaki na vigae vya kijivu.

Elewa pia ramani yenyewe inajua nini. Kistari cha nukta msituni chaweza kuwa njia ya wapandaji, njia ya ng'ombe, au njia ya wakata mianzi inayoishia kwenye rundo la mianzi. Njia kutokuwepo kwenye ramani haina maana kwamba haipo. Mara nyingi ni kwamba hakuna aliyeichora bado. Na programu haijui masika. Barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba, maarufu kwa kona zake 57, kwenye ramani ni kilomita chache tu, na programu itakupa dakika kana kwamba uko kwenye lami ya barabara kuu ya Zambia. Kati ya Novemba na Mei, muulize dereva wa Noah au wa bodaboda aliyeshuka leo asubuhi, kisha ndipo uangalie ramani.

Kwa miguu, usitegemee muda wa programu peke yake. Kanuni ya zamani ya wapanda milima ni saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 8 yenye mpando wa mita 1,200 inakupa saa 1 na dakika 36, kisha saa 2 za mpando: jumla saa 3 na dakika 36. Kwenye tope na mianzi iliyoanguka, ongeza nusu ya hiyo.

Mtego wa ramani za karatasi za zamani

Wapo wanaotumia karatasi za serikali za kipimo cha 1:50,000, na wana haki, kwa sababu zinaonyesha mabonde na mito kwa uzuri ambao simu haiufikii. Tatizo ni kwamba karatasi hizo za zamani zimepimwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, wakati simu hutumia WGS84. Ukisoma namba za mahali kwenye karatasi na kuziingiza kwenye simu kama zilivyo, utaangukia karibu mita 300 kando ya mahali halisi. Mlimani, mita 300 ni bonde jingine.

Angalia maandishi madogo pembeni mwa karatasi. Ukiona Arc 1960, badilisha mfumo ndani ya programu kama inaruhusu, au acha namba na utumie umbo la ardhi: makutano ya mito, daraja, kilele.

Kuandika mahali ulipo bila kumpoteza anayekufuata

Viwianishi ni zile namba mbili, latitudo na longitudo. Kila programu ya ramani huzionyesha ukigusa kialama chako. Kilele cha Rungwe, kwa mfano, kipo karibu na -9.135, 33.668. Makosa yanayotokea ni yaleyale siku zote.

Alama ya kutoa husahaulika. Sisi tuko kusini mwa ikweta, hivyo latitudo huanza na alama hiyo. Mbeya mjini ni takriban -8.90, 33.45, ukiandika 8.90 bila alama, anayekutafuta anapelekwa mpakani mwa Sudan Kusini na Ethiopia. Ukibadilisha mpangilio, yaani 33.45 kwanza, anaangukia baharini nje ya pwani ya Moroko.

Kosa la pili halionekani kirahisi. Nyuzi na dakika si desimali. Nyuzi 9 na dakika 8 si 9.08, dakika 8 gawanya kwa 60 ni 0.133, kwa hiyo ni 9.133. Ukikosea hapo umehama karibu kilomita 6, na kwa kuwa bado uko wilaya ileile, hakuna atakayeshtuka. Chagua mfumo wa desimali kwenye mipangilio ya simu zote za kundi kabla ya kuondoka. Tarakimu tano baada ya nukta zinatosha na kuzidi: hiyo ni kama mita moja.

Kurekodi njia, na chaji

Organic Maps na OsmAnd zote huweza kurekodi njia unayopita. Faida yake kubwa ni ya kurudi: ukungu ukishuka, unafuata mstari wako mwenyewe hadi ulikoanzia. Anza kurekodi kwenye gari au pikipiki ulipoiacha, siyo baada ya nusu saa ya kutembea.

Kinachoharibu ni mfumo wa kuokoa betri. Simu nyingi, hasa za bei nafuu, huzima programu yoyote inayofanya kazi skrini ikiwa imezimwa. Unafika kileleni, unafungua, unakuta mstari uliokatika mita mia mbili kutoka ulipoanzia. Ingia Mipangilio, kisha Programu, chagua programu yako ya ramani, fungua sehemu ya Betri na uiruhusu kufanya kazi bila vizuizi. Ruhusa ya mahali nayo iwe ile inayofanya kazi hata skrini ikizimwa. Simu nyingine zina orodha ya pili ya kujiwasha, ndani ya programu yake ya kusafisha simu. Iruhusu na huko. Kisha zunguka mtaani dakika 20 skrini ikiwa imezimwa, uone kama mstari umekamilika.

Kuhusu chaji, mlaji wa kwanza ni skrini. Wa pili ni simu kuhangaika kutafuta mnara usiokuwepo, na hapo ndipo hali ya ndegeni inapookoa: GPS inaendelea, utafutaji unakoma. Iwashe mtandao kwa makusudi, ukiwa juu ya kigongo au mahali unapoona bonde lenye kijiji, soma na tuma ujumbe, kisha zima tena.

Pawabenki ya mAh 10,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara mbili. Umeme hupotea katika kubadilisha volti na kwenye waya, na utapata mara moja na robo hivi, au moja na nusu kwa pawabenki nzuri. Zile za bei ya kutupa ambazo zimeandikwa mAh 50,000 na zinaingia mfukoni ni uongo ulioandikwa kwa rangi nzuri. Usiku mmoja kwa watu wawili, 10,000 halisi inatosha. Siku tatu Ruaha, chukua 20,000 na chaja ya gari.

Baridi nayo ina sehemu yake. Kitulo, Makete na Njombe hupata jalidi kipindi cha Juni na Julai, na betri ya simu ikipoa sana huonyesha asilimia 30 kisha simu ikazima ghafla. Haijafa, ikipata joto itawaka. Ilaze ndani ya blanketi pamoja nawe, na mchana ikae mfuko wa ndani wa koti. Mvua ikipita, usichaji kabla tundu la chaji halijakauka.

Hali ya hewa na jua

Programu za utabiri za Windy na Yr ni nzuri kwa kulinganisha, na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ndizo za kusikiliza linapokuja suala la tahadhari ya mvua kubwa. Programu za utabiri huigawa nchi katika miraba ya kilomita 9 hadi 20 na zaidi, na ndani ya mraba mmoja mlima na bonde huchanganywa kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo joto unaloliona la Mbeya siyo la kileleni. Toa kama nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mji upo karibu mita 1,700, Rungwe inakaribia 2,960. Ikiwa mjini ni nyuzi 18, juu tarajia 10 au chini ya hapo, na upepo bado haujahesabiwa. Kabla ya kuondoka piga picha ya skrini ya utabiri wa siku zote, kwa sababu programu hizi bila intaneti hubaki tupu.

Jua katika nyanda hizi huzama takriban kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na robo jioni, kulingana na mwezi, na giza kamili huja haraka, ndani ya dakika 25 hivi. Anayetoka Dar es Salaam huona siku imerefuka jioni, kwa karibu dakika 24, lakini asisahau kwamba asubuhi nayo imechelewa kwa kiasi hichohicho.

Simu ikihama nchi

Kyela, Kasumulu, Matema na Tunduma, simu yaweza kunasa mnara wa Malawi au Zambia. Mambo mawili hutokea. Salio linaliwa kwa bei za nje, hivyo zima huduma ya data kupitia mitandao ya nje (data roaming) na uchague mtandao wako kwa mkono kwenye mipangilio. Pili, majirani hao wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu inayojiwekea saa yenyewe itarudi nyuma bila kukuuliza. Umetega kengele ya saa 11 alfajiri upate basi la Mbeya; inalia saa 12, basi limeondoka. Zima saa ya kujiweka yenyewe na uweke ya Tanzania.

Ujumbe, pesa na dharura

Sambaza simu za kundi kwenye mitandao tofauti. Mahali Vodacom haishiki, Halotel au Airtel yaweza kushika, na kinyume chake. Laini mbili kwenye simu moja zigawe vivyo hivyo. Mahali pa alama moja ya mtandao, WhatsApp itazunguka tu. SMS ya kawaida huhitaji sekunde chache za mnara, nayo hupita. Uandae ujumbe mapema: majina, idadi ya watu, viwianishi, tatizo, chaji iliyobaki. Kwa wakati, andika "saa 12 jioni (18:00)", maana saa ya simu na saa ya mdomo hukanganya watu walio na wasiwasi.

Namba ya dharura ni 112. Simu huweza kuipiga kupitia mnara wa kampuni yoyote ulio karibu, hata kama laini yako haina mtandao pale. Zimamoto na uokoaji ni 114. Jaza pia taarifa za dharura zinazoonekana skrini ikiwa imefungwa: kundi la damu, mzio, namba ya ndugu.

Lakini anayekuja kukutafuta kwanza atakuwa mtu wa kijijini, siyo programu. Pita ofisi ya kijiji, acha namba na saa ya kurudi. Rungwe ni hifadhi ya misitu asilia chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), Kitulo na Ruaha ziko chini ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), na kote kuna vibali na viingilio. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa kadi au namba ya malipo ya serikali, hivyo yamalize mjini. Pesa ndogo za mwongozaji na chakula zinapita kwenye simu: menyu za *150*00# ya M-Pesa na *150*60# ya Airtel Money hazihitaji bando, ila mnara unahitajika. Beba na noti.

Maua, ndege na nyota

Merlin Bird ID ni ya ndege. Pakua kifurushi cha eneo letu kabla, na kwa utambuzi wa sauti usiamini kila inachosema, kwani ndege wa Afrika bado hawajajaa humo. Stellarium ni ya nyota, na usiku wa Kitulo unaistahili.

Kwa mimea tumia iNaturalist. Bila mtandao, piga picha tu: ua kwa mbele, ua kwa pembeni, jani, mmea mzima. Ukirudi utazipandisha, na mahali pamebaki ndani ya picha kama kamera iliruhusiwa kusoma GPS. Hapo kuna jambo la kuangaliwa sana. Viazi vya okidi vya nyanda hizi huchimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na picha yenye viwianishi kamili ni ramani ya mchimbaji. iNaturalist huficha yenyewe mahali pa spishi nyingi zilizo hatarini, lakini si zote. Kwa kila okidi ya Kitulo, chagua mwenyewe mahali pafichwe. Ukituma WhatsApp, picha ikitumwa kwa njia ya kawaida huondolewa taarifa hizo. Ikitumwa kama faili hubaki nazo.

Ukisharudi

Hamisha njia uliyorekodi kama faili la GPX na uihifadhi mahali pengine, kwa sababu programu ikifutwa, njia huenda nayo. Kama njia ya msituni imefungwa au daraja limekwenda na maji, Organic Maps ina sehemu ya kuongeza na kusahihisha maelezo ya mahali kwa akaunti ya bure ya OpenStreetMap. Andika kile ulichokiona kwa macho, usinakili kutoka Google Maps, kwani leseni yake hairuhusu. Kabla ya kusambaza GPX kwa watu, ifungue na ukate kipande cha kwanza na cha mwisho kama kinaanzia mlangoni kwako, na ufute alama zote ulizoweka palipo na okidi.